Fedha za barabara za vijijini hugawanywaje, na kwa nini barabara inayopitika ndiyo inayochongwa kila mwaka?

Mkulima wa Viazi

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wa wenye uelewa wa jambo hili, kwa sababu nimeliuliza mara tatu kwenye mkutano wa kijiji na mara zote tatu nimejibiwa kwamba barabara yetu "ipo kwenye mpango".

Kijiji chetu kiko katika mojawapo ya mikoa ya Nyanda za Juu Kusini. Tunalima viazi mviringo, mahindi na maharage, na miaka ya karibuni watu wengi wamepanda parachichi. Kutoka barabara ya mkoa hadi kwetu ni kilomita kumi na moja za udongo. Kwenye kilomita ya nane kuna korongo ambalo kiangazi mtu hulivuka bila hata kuvua viatu, lakini mvua za mwaka juzi zilichimba chini ya kalavati, mabomba mawili ya zege yakaporomoka, na tangu wakati huo hakuna gari linalovuka. Tumelaza magogo manne. Fuso husimama ng'ambo, bodaboda na mikokoteni huleta mzigo hadi ukingoni, kisha vijana hubeba magunia mgongoni juu ya magogo hayo kwa shilingi elfu moja kila gunia. Mnunuzi haibebi gharama hiyo yeye. Anaikata kwenye bei ya shambani, na anapotutajia bei haoni haya kusema kwamba ni kwa sababu ya korongo letu.

Kinachonitatiza zaidi ni hiki. Kijiji jirani kina barabara inayopitika mwaka mzima, na kila mwaka, mara mvua zinapokatika, greda huja, huichonga, husafisha mitaro na kuondoka. Sisi tusiopitika hatuoni greda. Sina chuki na jirani zangu, wengine ni wakwe zangu, lakini ningependa kuelewa ni nani anayeamua, anatumia vigezo gani, na fedha hizo hutoka wapi, maana hata dereva wa bodaboda anayenipeleka mnadani hulipa tozo ya barabara kwenye kila lita anayonunua.

Fundi Sanifu Mstaafu

Ndugu Mkulima, pole kwa adha hiyo. Nimefanya kazi kwenye barabara za wilaya tangu zilipokuwa chini ya halmashauri hadi zilipohamishiwa TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, mwezi Julai 2017, na swali lako nimeulizwa mara nyingi nikiwa nimesimama pembeni ya greda. Wengi hudhani kwamba kuna kapu moja la fedha za barabara ambalo mtu mmoja hulichota na kupeleka anakotaka. Makapu ni kadhaa, na kila moja lina masharti yake.

La kwanza ni Mfuko wa Barabara, ambao chanzo chake kikuu ni ile tozo ya mafuta uliyoitaja. Mfuko huu ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, na sheria inataka angalau asilimia 90 ya fedha zake iende kwenye matengenezo na isiyozidi asilimia 10 iende kwenye maendeleo. Kwa miaka mingi mgawo wake umekuwa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa, zinazosimamiwa na TANROADS, yaani Wakala wa Barabara, na asilimia 30 kwa barabara za wilaya. Sasa tazama urefu: mtandao wa TANROADS ni takriban kilomita 37,000, ilhali mtandao wa TARURA ni zaidi ya kilomita 144,000. Kwa hiyo karibu kilomita nne katika kila tano za nchi hii hutegemea asilimia 30 ya mfuko huo. Ni kweli kwamba kilomita moja ya lami ya barabara kuu, inayopitiwa na malori ya mizigo usiku na mchana, hugharimu zaidi kuitunza kuliko kilomita ya udongo, kwa hiyo haifai kulinganisha urefu peke yake. Hata hivyo, wabunge wamelilalamikia pengo hilo kwa miaka, na nadhani walikuwa na haki.

La pili lilitokana na malalamiko hayo. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli mahususi kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Mwaka huohuo Serikali ilitoa shilingi milioni 500 kwa kila jimbo, na kwa majimbo 214 ya Tanzania Bara ya wakati huo hiyo ni shilingi bilioni 107. La tatu ni fedha za maendeleo za Serikali Kuu pamoja na miradi ya wahisani, ambayo huja na maeneo yake yaliyokwisha kuchaguliwa. Mradi wa RISE wa barabara za vijijini, kwa mfano, unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulianzia katika halmashauri za Iringa, Handeni, Mbogwe na Ruangwa. Ukiwa nje ya orodha kama hiyo, kulalamika kwa meneja wa TARURA wa wilaya yako hakutabadilisha kitu.

Sasa nije kwenye greda la jirani zako. Fedha ya matengenezo, kwa asili yake, hufuata barabara iliyo nzima. Barabara ya changarawe huwa na mgongo, yaani ule mwinuko wa katikati unaoyamwaga maji kwenye mitaro ya pande zote mbili. Mgongo ukisawazika kwa msimu mmoja bila kuchongwa, maji huacha kwenda pembeni na kuanza kutembea katikati ya barabara. Msimu wa pili yameshafanya mfereji. Msimu wa tatu changarawe yote imeshuka bondeni na unahitaji kuijenga barabara upya. Kuchonga na kusafisha mitaro ni kazi ya bei ndogo inayozuia kazi ya bei kubwa, kama mtu anayebadilisha bati moja lililotoboka kabla dari halijaoza. Ndiyo maana mpango wa mwaka huanza kwa kuzilinda barabara zilizo katika hali nzuri na ya wastani, na ndiyo maana anayeumwa huona dawa ikipelekwa kwa mzima. Kihandisi ni sahihi. Kwa mtu anayebeba magunia mgongoni ni jambo gumu kulikubali, nami sikulaumu.

Kazi ya korongo lako kwa vyovyote si matengenezo ya kawaida. Inaweza kuingia kwenye matengenezo ya sehemu korofi, au ingeingia kwenye dharura kama taarifa ingetolewa rasmi siku zile kalavati lilipoporomoka, au ikachukuliwa kama ujenzi wa kivuko kipya kwa fedha za maendeleo. Kila njia ina maombi yake, na ombi lililoandikwa "tunaomba barabara" halina mlango linaloingilia.

Diwani wa Zamani

Fundi ameeleza makapu vizuri. Naomba niongeze habari za mikono inayoyashika. Nilikuwa diwani kabla ya mwaka 2017 na kwa muda baada yake, kwa hiyo nimeonja pande zote mbili.

Barabara zilipokuwa chini ya halmashauri, mpango ulipita kwenye Baraza la Madiwani, na sisi tulikuwa na nguvu ya kuuvuruga, nasi tuliivuruga mipango mingi. Kila mmoja alitaka greda lifike katani kwake, hata kwa kilomita mbili. Tuligawana kilomita kama nyama ya sadaka. Nakumbuka mwaka mmoja tulimaliza bajeti nzima tukiwa na vipande kumi na vitano vilivyochongwa vizuri, na hakuna hata kimoja kilichounganisha kijiji na soko. Kwa hiyo sisemi kwamba zamani kulikuwa na haki zaidi. Lakini mwananchi alijua nani wa kumuuliza, na mhandisi wa halmashauri alisimama mbele yetu akajieleza.

Sasa meneja wa wilaya ni mtumishi wa TARURA. Huja kwenye Baraza kutoa taarifa, hupokea maoni, lakini hawajibiki kwetu, na mpango wake hujadiliwa pia kwenye Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa. Diwani asipoisemea barabara yake kabla ya taarifa kuandikwa, akija kupiga kelele barazani anakuwa amechelewa.

Nalo suala la kuchelewa ndilo wananchi wengi hawalijui. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini kabla ya hapo ukomo wa bajeti hushuka kutoka juu, wilaya huambiwa hamtazidi kiasi fulani, na ndani ya ukomo huo barabara hupangwa kwa kufuata tathmini ya hali yake, ambayo huingizwa kwenye mfumo wa kompyuta unaoitwa DROMAS. Bunge linapokaa kati ya Aprili na Juni, orodha imeshafungwa. Mkutano wa kijiji ukifanyika Mei, mwenyekiti akasema "tutalipeleka", maana yake, kama atalipeleka kweli, ni kwamba mnaomba kwa ajili ya mwaka utakaoanza miezi kumi na mitatu baadaye.

Ndugu Mkulima, kabla hatujaendelea, naomba ujibu swali moja ambalo mimi lilinichukua miaka miwili ya udiwani kujifunza kuliuliza: je, barabara yenu imo kwenye orodha ya barabara za wilaya, na kama imo, inaanzia wapi na inaishia wapi?

Msomaji wa Meru, Kenya

Naomba kuchangia kutoka upande huu wa mpaka, kwa kuwa lile suala la milioni 500 kwa kila jimbo ni jambo ambalo sisi tuna uzoefu nalo wa muda mrefu.

Kwetu Kenya, sehemu ya tozo ya mafuta hupelekwa KeRRA, ambayo ndiyo mamlaka ya barabara za mashambani, na asilimia 22 ya mfuko wa matengenezo hugawanywa sawasawa kwa maeneo bunge yote 290. Sawasawa maana yake ni sawasawa kweli. Eneo bunge la North Horr katika Kaunti ya Marsabit, ambalo ukilivuka kwa gari kutoka upande mmoja hadi mwingine siku itakuishia njiani, hupata fungu moja na Mvita iliyo katikati ya mji wa Mombasa. Mbunge yeyote akiambiwa tubadilishe tufuate urefu wa barabara, hutetea usawa huo kwa nguvu zote kama eneo lake ni dogo, na huulaani kama ni kubwa. Sijasikia hata mmoja akizungumza kinyume cha ukubwa wa eneo lake.

Aidha, Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi kaunti barabara za kaunti, na tangu hapo magavana na wabunge wamevutana kuhusu fungu hilo, hadi wakafikishana mahakamani kuhusu shilingi bilioni 10.5 za mwaka wa fedha 2024/25. Na hayo yalitokea mwaka uleule tozo ilipopandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Mwananchi analipa zaidi, na barabara ya mashambani inasubiri wakubwa waafikiane ni ya nani.

Mhasibu wa Ushirika

Wazee wangu, nimesoma kwa makini na ninakubaliana na mengi, lakini naona mgawo wa sawasawa umehukumiwa haraka mno.

Hesabu yenyewe haina utetezi, nakiri. Tuchukue mfano wa kubuni: jimbo lenye kilomita 300 za barabara za wilaya likipewa milioni 500 linapata takriban shilingi milioni 1.67 kwa kilomita, na jimbo lenye kilomita 1,200 linapata kama shilingi 417,000 kwa kilomita. Ukiongeza kwamba jimbo la pili huenda liko milimani kwenye mvua nyingi na udongo wa mfinyanzi, unaona kwamba aliyepewa sawa amepunjwa mara nne.

Hata hivyo, mgawo huo una sifa moja ambayo kanuni za kitaalamu hazina. Mama muuza mboga anaweza kuukagua. Mwaka 2021 kila mtu jimboni kwetu alijua kwamba zimekuja milioni 500, hata watoto wa shule walijua, na mkandarasi alipoanza kazi wazee walikwenda kuhesabu makalavati na kumuuliza msimamizi mbona yamepungua kuliko walivyotangaziwa. Kwenye mgawo unaotokana na urefu, hali ya barabara, idadi ya magari na mambo mengine yaliyomo kwenye kompyuta, wilaya huletewa namba na namba hiyo haina anayeweza kuihoji, pamoja na diwani mwenyewe. Mimi ningependelea kanuni inayofuata mahitaji, lakini ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kata: jimbo hili lina kilomita kadhaa, nzuri ni kadhaa, mbaya ni kadhaa, fedha ni kadhaa. Bila ubao huo, nitaendelea kuupenda mgawo wa kijinga ninaouelewa.

Jambo jingine la kihasibu. Fedha zilizopitishwa si fedha zilizopokelewa. Hutolewa kwa awamu kadiri makusanyo yanavyoingia, na zabuni zikianza kutangazwa Julai, mkataba husainiwa Oktoba au Novemba, yaani mkandarasi anafika na greda lake siku chache kabla ya mvua. Miezi ya kiangazi, ambayo ndiyo ya kufanyia kazi, huishia kwenye makaratasi. Pale kwetu mwaka mmoja kifusi kilimwagwa Desemba, na Januari tulikiona kwenye shamba la mahindi la mtu aliye chini ya barabara.

Mkulima wa Viazi

Wazee na ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nililichukua swali la Mheshimiwa Diwani nikaenda nalo kwa mtendaji wa kata. Kwanza alisema hana orodha. Nikamwomba kwa adabu apige simu wilayani, akapiga, na baada ya siku nne ikaletwa picha ya ukurasa mmoja kwenye simu yake.

Barabara yetu imo. Ina jina na ina namba. Lakini urefu wake ulioandikwa ni kilomita saba, na inaishia kwenye ghala la ushirika la kijiji jirani, wale wakwe zangu. Korongo liko kwenye kilomita ya nane. Kwa hiyo miaka yote hii greda limekuwa likiichonga barabara "yetu" hadi mwisho wake wa kwenye karatasi, likigeuza pale ghalani na kurudi, na taarifa ikiandikwa kwamba imetengenezwa yote. Mtendaji mwenyewe alishangaa. Kilomita nne zilizobaki, pamoja na korongo na kijiji chenye shule na zahanati, kwa mujibu wa karatasi ile ni njia tu.

Naomba kujua hatua inayofuata, na kama inawezekana kuomba kivuko mahali ambapo kwenye orodha hapana barabara.

Fundi Sanifu Mstaafu

Nilihisi hivyo ulipotaja kwamba greda huja kwa jirani na kuondoka, ila sikutaka kukukatisha tamaa kabla ya kuthibitisha. Kivuko peke yake hakitaombeka. Barabara isiyo kwenye orodha haina tathmini, isiyo na tathmini haina makadirio, na isiyo na makadirio haiingii kwenye ukomo wa bajeti hata kama meneja anawahurumia.

Anzeni na mkutano mkuu wa kijiji wenye ajenda moja, kuongeza urefu wa barabara hiyo kutoka kilomita 7 hadi 11, na muhtasari utaje wenye mashamba pembezoni kwamba wamekubali kuiachia barabara nafasi yake. Wengi hukwama hapo, kwa sababu mtu hukubali kwa mdomo, kisha greda likifika anasimama mbele yake akidai fidia ya migomba. Muhtasari huo upelekwe Kamati ya Maendeleo ya Kata, diwani aupeleke barazani, na nakala mbili zenye mhuri zifike kwa meneja wa wilaya na kwa Mkurugenzi wa halmashauri. Andikeni humo kwamba kuna shule na zahanati, na idadi ya Fuso zinazopakia viazi kwa wiki wakati wa msimu. Mhandisi anayepanga vipaumbele hutafuta namba za namna hiyo na mara nyingi hazipati. Ikiwezekana yote yawe yamefika kabla ya Novemba.

Kuhusu kivuko chenyewe, msing'ang'anie mabomba ya zege, kwani yaleyale yaliyochimbwa yatachimbwa tena. Kama mawe magumu yapo karibu, ombeni daraja la mawe la upinde. TARURA imejenga mengi ya aina hiyo, Kigoma yakiwa miongoni mwa ya mwanzo, na hugharimu kidogo kuliko daraja la zege na nondo kwa sababu sehemu kubwa ya mali yake hupatikana papo hapo. Wananchi mkikusanya mawe na mchanga mapema, makadirio yatashuka, na kazi yenye makadirio madogo hupenya kwenye ukomo mahali ambapo kubwa imeachwa nje.

Na yale magogo manne, yakagueni upande wa chini kabla ya mvua za mwaka huu. Gogo huoza kuanzia linapogusa udongo, juu likionekana zima.